Kusoma herufi za Kichina: shika vipande kwanza

Hatua ya 1: picha. 日 jua, 月 mwezi, 木 mti, 山 mlima, 口 mdomo, 女 mwanamke, 马 farasi. Siku mbili zinatosha. Kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe iliyofukuliwa Anyang, China, ya mnamo 1200 KK, 日 mara nyingi tayari ina pembe, na alama katikati. Duara ni gumu kuchonga kwenye mfupa.

Hatua ya 2: picha mbili pamoja. Miti miwili, 林, ni msitu. Mtu kando ya mti, 休, ni kupumzika. Pita haraka. Herufi za namna hii ni chache, na ukizoea kutunga hadithi kwa kila herufi utakwama ukifika ya mia.

Hatua ya 3: kipande cha maana na kipande cha sauti. Hapa ndipo pa kukaa wiki kadhaa, kwa sababu herufi nyingi mno zimeundwa hivi. Chukua 青 qīng. Ukiipa maji (氵) unapata 清 qīng, maji safi. Maneno (讠), 请 qǐng, tafadhali. Moyo (忄), 情 qíng, hisia. Jua, 晴 qíng, anga isiyo na mawingu. Jicho, 睛 jīng. Upande wa kushoto unadokeza maana, wa kulia unadokeza sauti. Toni (kupanda na kushuka kwa sauti, inayoonyeshwa na alama juu ya vokali) usiikisie kamwe, ikariri.

Sasa mitego. Sauti hizo zilipangwa zamani sana, na matamshi yamehama. 江 jiāng, mto, imebeba 工 gōng. Kwa Mandarin (Kichina sanifu) hazifanani tena, ila kwa Kikantoni (Kichina cha kusini) bado ni gong na gung. Kwa hiyo kipande cha sauti kitumie kukumbuka herufi uliyokwisha kujifunza, si kusoma usiyoijua.

月 si mwezi kila mara. Katika 肝 gān (ini) na 脑 nǎo (ubongo) ni 肉, nyama, iliyobanwa. Ukiona kiungo cha mwili, fikiria nyama.

又 inasumbua zaidi. Katika 汉, 难, 鸡 na 对 haitoi sauti wala maana: ni alama fupi iliyowekwa badala ya vipande virefu herufi zilipofupishwa China bara katika miaka ya 1950. Tazama 漢, 難, 雞, 對, zinazotumika hadi leo Taiwan na Hong Kong. Hizo za 又 zikariri zilivyo, usitafute mantiki.

Hatua ya 4: andika kwa kalamu, kwenye daftari la hesabu lenye miraba, herufi 8 kwa siku. Kugusa kioo cha simu hakutoshi. 未 na 末, 土 na 士 hutofautiana kwa urefu wa mstari tu, na jicho huanza kuuona mkono ukishauchora.

Hatua ya 5: hamia kwenye maneno mapema. 东 ni mashariki, 西 magharibi, lakini 东西 dōngxi ni "kitu". Na 睛 usiingoje peke yake. Utaikuta ndani ya 眼睛 yǎnjing, jicho.