Kuseti tapeti za Isuzu NPR ya zamani, injini 4BD1

Swali la kuseti tapeti, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na mguu wa valvu, nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja. Someni mpaka chini kabla ya kuuliza.

Injini iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Kipimo cha nafasi ni milimita 0.40, valvu za hewa na za moshi sawa. Andaa fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi), spana ringi, bisibisi bapa na gasketi mpya ya kava.

1. Gia huru, vigingi kwenye tairi, toa waya wa hasi wa betri.

2. Inua kabini, hakikisha stendi yake imejifunga.

3. Futa vumbi, fungua kava.

4. Zungusha krenki kwa nati ya puli, kufuata mshale wa saa ukiwa mbele ya injini, mpaka alama ya TDC (pistoni ya silinda ya 1 iko juu kabisa) ikutane na kielekezi.

Hapo tulia. Alama hiyo inakutana mara mbili kabla silinda ya 1 haijamaliza kazi yake: mara ya kwanza kwenye kompresheni (inapobana hewa), mara ya pili inapomaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta hewa. Shika roka mbili za silinda ya 1 kwa vidole. Zikicheza zote, sawa. Zikibana, na za silinda ya 4 ndizo zinazocheza, zungusha raundi moja nzima. Ukipuuza utaseti valvu ambayo haijafunga. Ikija kufunga, nafasi inakuwa kubwa mno: injini inalia kama cherehani mbovu, na push rodi (fito inayoisukuma roka) inaweza kuruka kutoka mahali pake.

5. Hesabu valvu 1 hadi 8 kuanzia mbele. Seti 1, 2, 3 na 6. Zungusha raundi moja, seti 4, 5, 7 na 8.

6. Fila ipite ikikwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Shikilia skrubu ya roka kwa bisibisi unapokaza nati yake, KISHA PIMA UPYA. Nati huivuta skrubu ikikazwa.

7. Funga kava, washa, angalia kama oili inavuja.

Swali: Mkuu, sipendi kelele. Nikiweka 0.20?

Jibu: Utaunguza valvu za moshi. Kipimo kiko juu.

Swali: Land Cruiser ya 1HZ nifanye hivi hivi?

Jibu: Hapana. Ile haina skrubu, inabadilishwa shimu (kibati cha kurekebishia nafasi).

Swali: Shikamoo fundi. Valvu mbili za moshi nimezikuta hazina nafasi kabisa. Si vyuma vikilika nafasi huongezeka?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Inategemea kilicholika. Roka au kamshafti ikilika, nafasi huongezeka. Siti ya valvu (mahali inapokaa ikifunga) ikilika, valvu huzama kwenye hedi, mguu wake unapanda kuifuata roka, nafasi inakwisha. Hiyo haina kelele, ndiyo ubaya wake. Valvu hupoa kwa kukaa kwenye siti. Isipokaa, moto unapita pembeni na kuila. Seti leo, pima tena baada ya kilomita 5,000. Ukikuta zimebana tena, shusha hedi.

Swali: Fila inapita vizuri, tapeti moja bado inagonga.

Jibu: Tazama ncha ya roka. Ikiwa imechimbika, fila inakaa juu ya kingo za shimo na kukudanganya. Nafasi halisi ni zaidi ya 0.40. Badilisha roka.

Swali: Gasketi ya zamani bado nzima, nikiipaka silikoni?

Jibu: Kiasi kidogo sana. Inayozidi hukatikia ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.