Wekundu sehemu za siri baada ya tendo: anza na muda

Umeanza lini? Ukitokea ndani ya saa chache, mara nyingi ni msuguano wa ukavu, sabuni ya manukato, au mzio wa mpira wa kondomu. Mzio huo huwasha na kuvimbisha pale mpira ulipogusa, basi jaribu kondomu za poliurethani (aina ya plastiki, si mpira). Osha kwa maji matupu, kausha bila kusugua, pumzika tendo hadi ngozi ipone.

Muwasho na utoko mweupe wa mabongemabonge, kama maziwa mgando, huwa ni fangasi.

Malengelenge yanayouma, siku 2 hadi 12 baadaye? Pengine hapesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa ngono. Kapime kabla hayajakauka, maana kipimo huchukuliwa kwenye majimaji yake. Kidonda kisichouma kisikutulize: kaswende huanza hivyo. Na kama kondomu ilipasuka, dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.