Namna ya Kufungua Nyumba za Wageni Kando ya Ziwa Baada ya Majira ya Baridi

Familia inayoendesha nyumba ndogo za wageni kando ya ziwa linaloganda hukabiliwa na kishawishi kilekile kila majira ya kuchipua, nacho ni kuwapokea wageni mara tu jua linapoanza kuwaka. Kishawishi hicho kinaeleweka, kwa kuwa miezi mingi imepita bila mapato, lakini kazi ya kufungua ina utaratibu wake, na anayeuvuruga huishia kumhamisha mgeni usiku wa manane huku sakafu ikifurika maji. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye daftari la wageni. Acheni wiki mbili hivi kati ya siku ambayo barafu huisha ziwani na siku ya kumpokea mgeni wa kwanza, na kama mnazo kumbukumbu za miaka iliyopita, pigeni hesabu kwa kutumia mwaka ambao barafu ilichelewa kuliko yote. Vilevile mteueni mtu mmoja wa kushika orodha ya kazi, kwa maana katika familia kila mmoja hudhani kwamba mwenzake amekwisha kufunga koki.

Zungukeni kila nyumba kwa nje kabla ya kufungua chochote. Tazameni paa, mifereji ya maji ya mvua, ngazi za mbao na nguzo zilizosukumwa na udongo ulioganda, kisha dohani, ambamo ndege hupenda kujenga viota. Msiwashe jiko wala meko kabla dohani haijakaguliwa na kusafishwa, na wekeni betri mpya katika ving'ora vya moshi na vya gesi ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Magari yabaki kwenye njia ngumu, kwa kuwa ardhi iliyoyeyuka juu huku chini ikiwa bado imeganda haina pa kupeleka maji, na tairi moja linaweza kuharibu eneo la kufyonzea maji machafu. Kwa sababu hiyohiyo, msiharakishe kulinyonya tangi la maji machafu wakati ardhi imejaa maji, kwani tangi tupu linaweza kusukumwa juu na kukata mabomba yake.

Ndani, adui wa kwanza ni panya. Mkono hukimbilia ufagio, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kufagia kinyesi kikavu hurusha vumbi ambalo katika baadhi ya nchi hubeba virusi vya hanta, vinavyoleta ugonjwa hatari kwa binadamu. Fungueni milango na madirisha, ondokeni kwa nusu saa, kisha mrudi mkiwa mmevaa glavu. Lowesheni kinyesi na viota kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, muache kwa dakika tano, kisha mfute kwa karatasi za kutupwa. Nyaya za umeme zilizo karibu na viota zichunguzwe, kwani panya huguguna ganda la waya, na pakiwa na shaka aitwe fundi kabla ya kuwasha swichi kuu. Magodoro na mablanketi yaanikwe siku kavu yenye upepo.

Maji ndiyo kazi inayodai subira kuliko zote. Maji yanapoganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na maji yaliyosahaulika kwenye kona ya bomba yanatosha kupasua shaba. Ufa wenyewe huwa mwembamba kama unywele, nao hauonekani mpaka maji yapite kwa shinikizo. Fungeni koki zote, isipokuwa ile iliyo mbali zaidi na pampu, ili hewa ipate pa kutokea, kisha mfungue valvu kuu kidogokidogo huku mtu mmoja akisimama ndani na kusikiliza. Maji yakianza kutoka mfululizo, fungeni koki hiyo ya mwisho na msubiri. Pampu inayojiwasha yenyewe wakati hakuna anayetumia maji inatoa habari ya uvujaji. Ili kujua ulipo, pitisheni karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungio, hasa kwenye kona zilizo chini ya sinki na nyuma ya choo; unyevu ambao jicho halikuuona utaacha doa papo hapo. Fanyeni nyumba moja baada ya nyingine, kwa sababu kufungua zote kwa pamoja ni kualika mafuriko katika nyumba ambayo hakuna anayeiangalia.

Hita ya maji isiwashwe kabla tangi lake halijajaa, la sivyo kipashio cha ndani kitaungua. Ikishajaa, ipashwe hadi nyuzijoto 60 za Selsiasi, na maji yaliyolala kwenye mabomba yaachwe yatiririke bafuni madirisha yakiwa wazi, kwani bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia kali, hustawi katika maji vuguvugu yaliyotuama na huingia mwilini kwa mvuke na matone madogo. Maji ya kisima yapelekwe maabara kila mwaka kabla ya kufungua. Wanaovuta maji ziwani wategemee vichujio kuziba mapema: maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4, hivyo tabaka la juu linapopata joto na kufikia kiwango hicho huzama, upepo hulichanganya ziwa lote, na tope la chini hupanda.

Gati lisiingizwe majini kwa sababu tu ghuba yenu iko wazi. Bamba la barafu linaloelea upande wa pili wa ziwa linaweza kuletwa na upepo na kuzikunja nguzo za chuma. Barafu yenyewe hupoteza nguvu kabla ya kupoteza unene, kwa kuwa jua huigawa katika vijiti vya wima visivyoshikana, kwa hiyo asikanyage mtu, hata ikiwa ni nene. Boti zikaguliwe nchi kavu: mafuta ya mwaka jana yatolewe, kizima moto kitazamwe, na kizibo cha tundu la kutolea maji kirudishwe mahali pake, kitu kidogo ambacho husahauliwa na watu wazima wenye akili timamu.

Jambo ambalo wageni wa mapema hawalijui ni kwamba hewa ya nyuzijoto 20 inaweza kuwa juu ya maji ya nyuzijoto 6. Anayetumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15 huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na akiwa chini ya maji huyavuta mapafuni. Akipita hapo, dakika 10 hivi zinatosha mikono yake kukosa nguvu ya kushika kamba, hata kama ni mwogeleaji hodari. Waelezeni hayo wanapokabidhiwa ufunguo, wapeni jaketi okozi zinazowatosha, zikiwemo za watoto, na msimkabidhi kasia mgeni yeyote ambaye hajalivaa lake.