Kuhamisha Kipande cha Okestra kwenye Bendi ya Shule au ya Gwaride

Kazi hii huanza na daftari; kompyuta itafuata. Nenda mazoezini siku ambayo wengi wamefika, uandike kila ala, idadi ya wapigaji wake, na nota ya juu kabisa ambayo kila mmoja anaipiga safi mara tatu mfululizo bila kukaza shingo. Hiyo ndiyo nota yake. Ile anayoifikia wakati wa mapumziko akiwaonyesha wenzake usiihesabu. Andika na ubovu pia: tuba ambayo pistoni yake ya tatu inanata, tromboni ambayo mrija wake umepinda na haufiki mbali. Orodha hiyo ndiyo okestra yako. Ile iliyochapwa kwenye nakala ya mtunzi ni habari za watu wengine.

Kwa Dar es Salaam kuna swali moja la ziada: kila mpiga tarumbeta alijifunza wapi? Aliyelelewa na tarumbeta za kanisani kwa desturi ya Kijerumani husoma sauti halisi, yaani nota iliyoandikwa ndiyo inayosikika, na sauti inayotoka bila kubonyeza pistoni yoyote huiita B flati (flati hushusha nota nusu toni, shapu huipandisha). Aliyefundishwa kwa desturi ya Kiingereza, ile ya bendi za majeshi, sauti hiyo hiyo huiita C. Wape karatasi moja na watapishana toni nzima kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho, kila mmoja akiapa kwamba anayekosea ni mwenzake. Dawa ni kuchapa matoleo mawili ya sauti hiyo hiyo, moja likiandikwa juu "sauti halisi" na jingine "B flati". Usijaribu kumbadilisha mtu usomaji wiki mbili kabla ya onyesho.

Kuchagua kipande

Kwa mara ya kwanza tafuta kipande chenye mada fupi inayorudiwa, chenye sehemu chache ambamo nyuzi zinakimbia peke yake, na ambacho mtunzi wake alikufa zamani. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Grieg (alifariki 1907) na Dvořák (1904) wako huru. Orff (1982) bado, kwa hiyo anayetaka kwaya zake nzito kwenye mahafali aombe kibali kwanza. Tena mtunzi anaweza kuwa huru na mpangaji asiwe: nakala ya bendi aliyoipanga mtu juzijuzi ni mali ya mtu huyo. Anzia kwenye nakala kuu ya okestra yenyewe, ambayo kwa watunzi hawa inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP.

Anayeona bendi ya kupuliza ni mtoto wa kambo wa okestra amkumbuke Handel. Muziki wake wa fataki wa 1749 huko London aliuandikia obo 24, fagoti 12, tarumbeta 9, honi 9 na jozi 3 za timpani, kwa kuwa mfalme George II hakutaka fidla. Nyuzi ziliongezwa baadaye.

Ufunguo

Tufuate mfano mmoja: kipande cha Grieg cha ukumbi wa mfalme wa mlimani, kutoka muziki wa tamthilia ya Peer Gynt iliyochezwa mara ya kwanza 1876. Kiko kwenye B maina, shapu 2. Kwa selo ni raha tupu. Kwa bendi ni taabu, kwa kuwa ala nyingi huandikiwa nota za juu kuliko sauti inayosikika: tarumbeta, klarineti na saksafoni teno (ala za B flati) zitasoma C shapu maina yenye shapu 4, saksafoni alto G shapu maina yenye shapu 5, na honi ya F itasoma F shapu maina yenye shapu 3. Nusu ya mazoezi itaishia kwenye kukumbushana alama.

Kipandishe nusu toni, kiwe C maina. Ala za B flati sasa zinasoma D maina yenye flati 1, alto inasoma A maina isiyo na alama hata moja, honi G maina yenye flati 2. Filimbi, tromboni na tuba zinabaki na flati 3, ambazo kwao ni nyumbani.

Kanuni inafaa kwa kazi nyingi: kilichoandikwa D meja kipeleke E flati au C, cha A meja kipeleke B flati au A flati, cha E meja kipeleke E flati au F. Ukipandisha, sauti inang'aa lakini midomo inachoka mapema. Ukishusha, midomo inapumua lakini besi inazama hadi haisikiki uwanjani. Ukiwa na tarumbeta dhaifu, shuka.

Mtego umo ndani ya kipande chenyewe. Mada ya Grieg huruka kwenda ufunguo wa sauti ya tano na kurudi, na kwenye toleo letu hiyo ni G meja. Hapo alto inasoma E meja, shapu 4, kwa ghafla. Kwa hiyo vipimo hivyo (wengine husema baa) wape filimbi na tromboni, wanaosoma G meja yenye shapu 1 tu, na alto apumzike au ashike nota ndefu.

Kugawa sauti

Fidla ya kwanza kwa kawaida huenda kwa klarineti ya kwanza, na nota zake za juu sana kwa filimbi. Fidla ya pili huenda klarineti ya pili na ya tatu. Viola kwa alto na honi. Selo kwa yufoniamu (ala ya shaba kama tuba ndogo) na saksafoni teno. Besi ya nyuzi kwa tuba. Ukiwa na klarineti nne tu, andika sauti mbili, usiandike tatu: sauti yenye mtu mmoja hufa siku akiugua. Na usiwarundike hodari wote kwenye sauti ya kwanza. Mmoja awekwe kwenye ya pili, au katikati ya muziki patakuwa na shimo.

Kama bendi ni ya shaba na ngoma tupu, andika sauti tano: wimbo, sauti ya pili, alto, teno na besi, kama kwaya. Kisha chapa kila sauti kwa kila aina ya ala inayoweza kuishika. Anayeshika teno anaweza kuwa na tromboni Jumamosi hii na saksafoni ijayo, na muziki hautayumba.

Klarineti ina daraja lake la hatari. Kati ya B flati iliyo katikati ya mistari, inayopigwa vidole vikiwa karibu vyote juu, na B inayofuata, inayoziba karibu matundu yote, mwanafunzi anabadili mkono mzima kwa nusu toni. Mbio za fidla zikipita hapo kwenda na kurudi, zisogeze oktava moja au mpe mwingine kipande cha katikati.

Tromboni nayo ina tatizo linaloumiza zaidi C maina. B ya chini iko nafasi ya saba, mrija umenyooshwa hadi mwisho, na C iliyo juu yake iko nafasi ya sita. Mtoto wa kidato cha kwanza mkono haufiki, kwa hiyo anapiga B flati na akodi nzima ya G (nota zinazolia pamoja) inageuka kutoka meja kuwa maina. Watu hulaumu masikio yake bure. Iandike oktava moja juu: B hiyo iko nafasi ya nne na C nafasi ya tatu.

Mwanzo wa Grieg, selo na besi zinadonolewa kwa vidole pamoja na fagoti. Ukimpa tuba nota zote hizo utapata kishindo cha lori la mchanga. Mpe yufoniamu mada nzima, nota fupi na nyepesi, na tuba ipige pigo la kwanza na la tatu tu: C na G kwenye kipimo cha kwanza, F shapu na F kwenye cha pili. Msikilizaji ataamini kwamba tuba inapiga yote.

Solo za obo au honi ya Kiingereza, kama ile ya sehemu ya polepole ya simfoni ya tisa ya Dvořák ya 1893, zinakaa vizuri kwa alto au yufoniamu. Ziandike pia kwa nota ndogo kwenye karatasi ya mtu wa pili, kwa ajili ya siku ambayo mwenyewe amekwama kwenye foleni ya Mbagala.

Pumzi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, kwa sababu kompyuta haipumui na haichoki mdomo. Fidla inaweza kushika sauti moja vipimo vinane, upinde ukienda na kurudi, na hakuna anayesikia pindo. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, vipimo vinane vya mapigo manne ni sekunde 32. Mwanafunzi anayepuliza kwa nguvu ya kati panga apumue kila baada ya sekunde 8 hivi. Tuba, inayokula hewa kuliko zote, mpangie 4 au 5.

Usiandike "pumueni mnapotaka", maana wote watapumua kwenye mstari wa kipimo, kwa pamoja, na sauti itakatika kama umeme. Weka alama ya pumzi kwenye kila karatasi. Wa kiti cha kwanza apumue baada ya pigo la pili la kipimo cha pili, wa kiti cha pili baada ya pigo la tatu la kipimo cha kwanza, na hivyo hivyo kupokezana, asiwepo anayepumua pale kipimo kinapoisha. Waelekeze pia namna: kupunguza sauti kabla ya kuacha, kurudi kimyakimya, bila kugonga ulimi. Kwenye tuba mbili, moja ikate nota kabla ya nyingine kuanza kuishiwa. Kama tuba ni moja, acha kumwonea: fupisha nota zake na uweke pengo, ngoma kubwa ijaze kwa mguso laini.

Mdomo nao una akiba. Tarumbeta wasipige zaidi ya vipimo 16 mfululizo bila angalau 4 za kunyamaza, na nota za juu uziweke mwishoni, karibu na makofi. Grieg anasaidia kwa kuanza chini na kimya, kisha kupanda na kukimbia. Bendi nyingi hukosea kwa kuanza kwa nguvu ya kati, na kufika ukurasa wa pili hawana pa kupandia. Anza na yufoniamu mmoja, ongeza watu kabla ya kuongeza nguvu.

Mtetemo wa nyuzi, ule wa upinde kwenda na kurudi haraka, usiunakili. Shika nota ndefu, na ngoma ndogo izungushe vijiti kwa sauti ya chini. Mbio za nota nne kwa pigo moja zigawe: klarineti ya kwanza ipige mapigo mawili, ya pili ipokee, zikigongana kwenye nota moja ya makutano. Bila nota hiyo ya pamoja utasikia kidonda kila zinapobadilishana.

Kuandika na kuchapa

Programu ya MuseScore ni ya bure na inatosha. Andika yote kwa sauti halisi, kisha zima kitufe cha sauti halisi kabla ya kuchapa, na ufungue kila karatasi kuhakikisha. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote: alto inaanza na bendi nzima inageuka kumtazama. Weka namba za mazoezi kila vipimo vinane, na kila karatasi ianze na jina la ala na desturi ya usomaji.

Wanaosoma solfa (do, re, mi) tu waandikiwe chini ya nota; kwenye C maina, C ndiyo la. Sauti moja isizidi kurasa mbili za A4 zilizo wazi kwa pamoja. Ikizidi, mgeuzo uwe kwenye kimya cha vipimo vinne au zaidi. Chapa nakala moja kwa kila watu wawili, na moja ya akiba kwa kila sauti. Kwa gwaride chapa kwenye karatasi ya nusu ya A4, mistari minene, na mwendo wa hatua 112 hadi 120. Mbio za Grieg zinazoongezeka si za kutembelea, askari watajikwaa.

Siku ya kwanza

Usianze na bendi nzima. Besi na ngoma dakika 20, sauti za kati dakika 20, kisha wimbo juu yake. Wimbo ukisikika vizuri lakini akodi zinanuka, mara nyingi ni alto au honi imeandikwa oktava isiyo yake. Angalia karatasi kabla ya kumkemea mtu.

Uwanjani jua linapandisha sauti ya shaba, huku kinanda kikibaki palepale. Tafuta ulinganifu baada ya bendi kupuliza dakika kumi nje, si ndani ya darasa, na uvute mirija kidogo. Kinanda kikikosekana, afadhali. Mnazi Mmoja na ufukweni upepo wa mchana hubeba karatasi: vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi, na nakala ya tuba ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ndiyo inayomwagikiwa maji ya pistoni kwanza.