Kujua kasa (cursor) imefika mwisho: Python na hifadhidata ya SQLite

Juzi binamu yangu kaniletea skripti ya daftari la madeni ya dukani kwao. Wateja 212, zinatoka namba za simu 37 tu, kisha kimya. Hakuna hata ujumbe wa kosa. Tulikaa nayo hadi saa saba usiku.

Hatua ya 1. Tengeneza kasa (siyo yule wa baharini, ni kile kinachokuletea matokeo ya swali mstari kwa mstari), utume swali. `con` ni muunganisho wako na hifadhidata:

```
cur = con.cursor()
cur.execute("SELECT simu FROM wateja")
```

Hatua ya 2. Achana na `rowcount`. Ungetegemea ikupe idadi ya mistari, lakini kwa SELECT, sqlite3 (moduli ya Python ya SQLite) itakujibu -1. SQLite hutoa mistari mmoja mmoja kadiri unavyodai, kwa hiyo idadi haijulikani mapema.

Hatua ya 3. Hapa ndipo usiku ulipoishia. `fetchone()` hukupa mstari mzima ndani ya mabano, hata ukiwa na safuwima moja tu. Mistari ikiisha, unapata `None`, yaani "hakuna kitu". Binamu alikuwa ameandika hivi:

```
simu = cur.fetchone()[0]
while simu is not None:
    print(simu)
    simu = cur.fetchone()[0]
```

Mteja wa 38 ni bibi mmoja asiye na simu. Kwenye jedwali ana NULL (nafasi isiyojazwa), na Python huisoma NULL kama `None`. Kitanzi kikadhani kazi imekwisha, kikafunga duka na watu 174 bado wako foleni. Afadhali kila mteja angekuwa na namba: skripti ingefika mwisho na kuanguka kwa kelele ya TypeError, maana `None[0]` haiwezekani, nasi tungeshtuka mapema.

Pima mstari, usipime kilichomo:

```
while (mstari := cur.fetchone()) is not None:
    print(mstari[0])
```

Mstari wa yule bibi ni `(None,)`, kwa hiyo unapita. Alama `:=` inataka Python 3.8 kwenda juu. Usiite `fetchone()` tena ndani ya kitanzi, utaruka wateja. Wala usifanye `execute` nyingine humo kwa kasa hiyohiyo, matokeo ya kwanza yatapotea. Fungua kasa ya pili.

Hatua ya 4. Kusema kweli, mimi huandika `for mstari in cur:` basi. Mwisho inautambua yenyewe.

Hatua ya 5. Ukichota kwa mafungu, `fetchmany(100)`, mwisho wake ni orodha tupu `[]`. Ukiupima kwa `is not None`, kitanzi kitazunguka mpaka ukikatishe kwa Ctrl+C.