Kabla Hujaanza Kazi ya Kwanza, Jua Nani Ana Haki ya Kukutuma

Ukishapata barua ya ajira, kila mtu atakuwa na la kukuusia. Wahi kazini, vaa vizuri, simu iweke kimya. Sawa, hayo nyumbani walishakufundisha. Mimi nakuja na lile ambalo siku ya kwanza halisemwi, hasa ukiajiriwa kwenye biashara za familia kama zilivyojaa Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam: utakuta kila mtu pale ni bosi, na hakuna atakayekuambia yupi ni wako.

Anza na mkataba. Usianze kazi kwa maneno matupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuandikie kazi yako ni ipi, utaifanyia wapi, unaanza lini, saa za kazi na ujira wako. Sehemu ya kazi yako isome mara mbili. Ukikuta pameandikwa "na kazi nyingine utakazopangiwa", uliza hapo hapo: nitapangiwa na nani? Jina la atakayekupangia halimo kwenye yale ambayo sheria inayataja, na ile mikataba ya kuchapishwa kwenye maduka ya steshenari haihangaiki nalo.

Vyeti, namba ya NIDA, namba ya NSSF: toa nakala mbili mbili, seti moja ibaki nyumbani.

Halafu fuata saini. Cheo kilichobandikwa mlangoni kisikubabaishe. Chunguza nani anaidhinisha likizo, nani anakuruhusu uende hospitali, nani anatia saini orodha ya mishahara. Wakiwa ni watu watatu tofauti, tembea na daftari. Na kuuliza kuna namna yake. Kwetu huwezi kumkabili mtu mzima ukamwambia "kwani wewe ni nani hapa?" Uliza kwa upande wa kazi: "Bosi, hesabu ya jioni niikabidhi kwa nani?" Atakutajia jina, na hakuna atakayeona umekosa adabu.

Sasa lile lililonitoa machozi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Mshahara shilingi 350,000. Wakubwa niliwakuta wanne. Bosi mwenyewe, ambaye miezi mingi yuko Guangzhou akifuata mzigo. Mkewe, tuliyemwita mama, aliyekaa kwenye droo ya fedha. Meneja, aliyenifanyia usaili na kunionyesha stoo. Na mdogo wake bosi, sote tukimwita Anko. Huyu hakuwa na meza wala cheo, ila funguo ya ziada ya geti alikuwa nayo. Meneja akisema nondo zipangwe kushoto, mama akiingia anauliza nani kaziweka kushoto. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshajua kuishi nao: namtii aliye karibu yangu kwa wakati huo. Niliona nina akili sana.

Jumamosi moja mchana, meneja ametoka, Anko akaingia na kanta, lile lori dogo. "Binti, nipakilie mabati 48 ya geji 30. Bosi ana habari." Nikamwamkia, nikaita makuli. Nilipomsogezea kitabu cha delivari asaini, akasema mteja yuko Chanika anasubiri, foleni unaijua, Jumatatu atapita kusaini. Ningemjibu nini? Mtu rika la baba yangu, damu moja na mwenye mali, na mimi nina wiki ya saba tu pale. Nikaandika kwenye daftari la kaunta: 48, Anko. Tena kwa penseli.

Jumatatu hakupita. Mwisho wa mwezi tukahesabu stoo, yakapungua mabati 48. Mimi wala sikuhangaika, nikasema alichukua Anko. Na Anko hakukana! Alisema ndiyo, alichukua, na alishaniambia niandike kwenye hesabu yake, kama nilisahau hayo ni yangu. Bosi akapigiwa simu China, spika ikawekwa juu ya meza tusikie wote. Aliuliza swali moja tu: "Nani alikuambia Anko anaruhusiwa kutoa mali?"

Nikamtazama meneja. Meneja alikuwa anasoma kalenda ukutani.

Kweli hakuna aliyeniambia kuwa anaruhusiwa, na hakuna aliyeniambia kuwa haruhusiwi. Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye, kwa kuli mmoja. Ndugu wale wawili walikuwa na ugomvi wa mali tangu zamani, na agizo kwamba Anko asipewe kitu bila karatasi lilishatolewa. Alipewa mtunza stoo aliyenitangulia. Aliondoka nalo. Mimi nilikabidhiwa saruji, nondo, mabati na misumari, tukahesabu mpaka jua likazama, lakini habari za watu hakuna aliyenikabidhi.

Deni likawa 1,200,000. Nikaletewa karatasi nikamwaga wino huku nalia, sikusoma hata mstari mmoja. Nikakatwa 150,000 kila mwezi, miezi minane.

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Sheria ile ile ya 2004 haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kufidia hasara kwa kuwa tu amekasirika. Hasara lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na alivyokokotoa, na wewe upewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya 350,000 ni 87,500. Hata ukisaini kukubali, masharti hayo yapo pale pale. Mimi nilikuja kuyajua nikiwa nimeshamaliza kulipa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla bosi hajasafiri, muulize: "Bosi, ukiwa haupo, neno la nani linatoa mali?" Uliza meneja akiwepo, mama akiwepo. Akijibu, jioni mtumie ujumbe: "Shikamoo bosi, nimeelewa kuwa ukisafiri mali inatoka kwa neno la meneja." Akinyamaza ni shauri lake, ujumbe wako umebaki na tarehe. Aliyekutangulia naye, kama unaweza kumpata, mnunulie soda umuulize alikatazwa nini na nani.

Siku Anko wako akija, usimkatalie uso kwa uso, hutaweza. Mwamkie, mpe kiti, makuli waanze kusogeza mzigo mlangoni, huku unaandika: "Shikamoo bosi. Anko yuko hapa, anahitaji mabati 48 geji 30. Delivari iko tayari, naomba neno lako." Kisha mwambie Anko mzigo uko tayari, unasubiri simu tu. Mwenye ruhusa ya kweli atakaa anywe maji. Asiyekuwa nayo atakumbuka ana safari nyingine. Usiandike kwamba unamtilia shaka, wala usiombe msaada wa kumzuia. Ukiandika hivyo umeshaingia kwenye ugomvi wa familia, na wao watapatana Idi au Krismasi huku kibarua chako kimeota nyasi.

Wakubwa wawili wakikupa maagizo yanayogongana, usichague. Rudi kwa wa pili umwambie: "Meneja alinielekeza hivi asubuhi, naomba mzungumze niwafuate." Atanuna, atanyamaza, mwishowe watazungumza.

Chunga zaidi miezi sita ya mwanzo, maana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya hapo kwa mwajiri huyo. Ukiachishwa baada ya hapo, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Usikae nyumbani ukisubiri waitane.

Mengine unayajua. Andika kwa kalamu. Usisaini kwa niaba ya mtu, hata mama mwenyewe akikutuma. Usibebe maneno ya meneja kupeleka kwa mama, wala ya mama kwa meneja. Neno la siri la kompyuta ya duka usimpe mtu ati anataka kuangalia bei. Fedha ya matumizi madogo ihesabu mbele ya anayekukabidhi. Na ukipewa funguo, uliza ziko ngapi, na zile nyingine anazo nani.