SOMO: Kuosha meli, ndege na magari ya jeshi yaliyopata vumbi la mionzi

Habari za saa hizi wadau. Juzi pale Kibirizi vijana walikuwa wanakwangua boti, wakaniuliza eti mzee meli ikipata vumbi la mionzi, lile la bomu la nyuklia au ajali ya mtambo wa nyuklia, inasafishwaje, nikawaambia ntaandika. Mie nishastaafu jeshi, na mafunzo haya tulipewa kwa unga wa muhogo tuliomwagia lori, sio mionzi ya kweli, msije mkaanza kunikwepa.

Kwanza shikeni hili: mionzi huiui. Sabuni haiui, moto hauui. Unalihamisha tu vumbi kutoka kwenye chuma kwenda pale ulipopanga wewe, kwahiyo kabla hujafungua bomba chimba mtaro, tandika turubai, jua maji yanaishia wapi.

Hatua 1. Pima mionzi kila sehemu, panapoonyesha mionzi mingi weka alama ya chaki. Usifagie kavu.

Hatua 2. Ovaroli, gambuti, glavu, barakoa, na selotepu pale ovaroli inapokutana na glavu na gambuti.

Hatua 3. Upepo uwe mgongoni, anza juu ushuke. Maji ya moto, sabuni, brashi. Siku ile ya mazoezi lori liling'aa tukaanza kupongezana, afande akaja na tochi akainama, akakuta unga umejazana kwenye vichwa vya bolti na nyuma ya madigadi, kamba ya winchi ndo usiseme, ukiikamua inatoa uji. Tukarudia mpaka jioni.

Hatua 4. Grisi. Liemba yetu, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ilipokuwa ikiitwa Goetzen Wajerumani waliizamisha 1916 mashine zimepakwa grisi, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Huko grisi ilisaidia, huku ni adui maana inanasa vumbi, lazima uitoe yote. Kwenye ndege angalia mdomo wa injini, mapanga na matairi.

Hatua 5. Kamba, mbao, kutu na rangi kuukuu hazitakati, kwangua au ng'oa. Kwenye kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki, 25 Julai 1946, Wamarekani walijaribu bomu la nyuklia chini ya maji, jaribio waliloliita Baker, meli zikaloweshwa, mabaharia wakasugua wee na kipimo hakishuki vya kutosha, mionzi imeshaingia kwenye rangi na kutu. Hata meli zilizokuja kusaidia zikachafuka, ukoga ulioota chini na mabomba ya kuvuta maji ya bahari vikanasa mionzi. Ndo maana 1954 wakajaribu kitu kingine, meli inanyunyiziwa maji mfululizo vumbi likiwa linaanguka, lisipate nafasi ya kukaa.

Hatua 6. Pima tena. Brashi na ovaroli nazo ni taka za mionzi, usipeleke nyumbani kufua.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mzee si tuiache tu ipoe yenyewe?
Jibu: Vumbi la bomu sawa, saa 7 baada ya mlipuko inabaki kama sehemu ya kumi ya ile ya saa ya kwanza, saa 49 sehemu ya mia. Ajali ya mtambo wa nyuklia ni habari nyingine, inamwaga seziamu-137, na mionzi yake kupungua nusu ni miaka 30. Helikopta zilizotumika kwenye ajali ya mtambo wa Chernobyl, Ukraine, nyingi ziliishia kuachwa uwanjani huko Rassokha.

Mdau wa Urambo: Huku kwetu tumbaku na asali, meli hatuna. Mtu je akiangukiwa na vumbi?
Jibu: Vua nguo za nje, hapo sehemu kubwa imeshaondoka. Maji ya vuguvugu na sabuni, usisugue mpaka uchubuke, na nywele usipake mafuta. 2011 wakati wa ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, wanajeshi 17 wa helikopta za Marekani walitakata kwa sabuni na maji tu.

Mdau wa Nzega: Nanunua chuma chakavu, nikikuta kopo zito lina alama ya mionzi nilioshe?
Jibu: Hapana kaka! Usiliguse, sogeza watu mbali, ita polisi, wao watawaita Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mdau wa Uvinza: Si wazizamishe tu ziwani kama Goetzen?
Jibu: Wenzetu za Bikini walizamisha nyingi, mojawapo, Independence, manowari ya kubeba ndege, waliizamisha 1951 nje ya San Francisco. Ila ile ni bahari. Hili ziwa letu mto unaotoka ni Lukuga tu, na dagaa unawala kila siku wewe mwenyewe.